Fundi wa Seva: Mmeongeza RAM na ripoti bado inazunguka

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaanza na sentensi ileile, "Fundi tumeongeza RAM lakini", mpaka nikawa nacheka peke yangu. Nimechagua sita zinazohusu ripoti za biashara zinazokaa kwenye seva pepe (VM), yani ile mashine ambayo huwezi kuigusa kwa mkono, inaishi ndani ya mashine nyingine kubwa (mashine mama) pamoja na wenzake kama wapangaji kwenye nyumba moja. Majina ya watu na kampuni nimeyatoa. Kuna mmoja aliandika mpaka paswedi ya admin ndani ya barua, ndugu yangu unajijua, ibadilishe leo.

Ripoti ya dakika tatu sasa dakika arobaini

"Fundi habari za kazi. Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Zamani tulikuwa na kompyuta moja chini ya meza ya keshia, hiyo ndo ilikuwa seva, na ripoti ya mauzo ya mwezi ilikuwa inatoka kwa dakika tatu. Mwaka huu kijana wa IT katuhamishia kwenye seva mpya kubwa, akasema sasa tuko kwenye VM, na kweli mashine ni ya hela nyingi. Ripoti ileile sasa dakika arobaini, siku nyingine inakata kabisa. Kaongeza RAM kutoka GB 8 mpaka 32, kaongeza prosesa zimekuwa 4, hamna kitu. Tunatumia SQL Server, databesi ya Microsoft, ile ya bure, na ripoti za SSRS, programu yao ya ripoti. Bosi anasema turudishe ile ya chini ya meza. Nisaidie kabla hatujafukuzwa wote wawili." Mhasibu, Mwanza

Pole sana, na nianze kwa kusema bosi wako hayuko mbali na ukweli, inawezekana kabisa ile ya chini ya meza ilikuwa na nguvu kuliko hii mpya, maana nguvu ni ile SQL yenu inayoruhusiwa kutumia, sio ile mliyolipia.

Hiyo ya bure inaitwa Express na Microsoft hawakuitoa hivihivi bila kuifunga kamba. Kamba ya kwanza ni memori, data inayotunzwa kwenye RAM haizidi MB 1,410 hata uipe GB 100, kwaiyo zile mlizoongeza zimekaa tu zinaangalia. Ya pili ni ukubwa wa databesi, mpaka toleo la 2022 mwisho ni GB 10. Ya tatu ndo nadhani inawaua nyie: Express inatumia soketi moja (tundu ambamo prosesa inachomekwa) au viini vinne (sehemu za ndani ya prosesa zinazofanya hesabu), kile kilicho kidogo kati ya hivyo. Sasa kompyuta ya zamani nadhani ilikuwa na prosesa moja ya kawaida yenye viini vinne ndani, yani soketi moja, Express ikavitumia vyote. Kijana alipotengeneza VM akaandika prosesa 4, na VMware (programu ya kuendesha VM) za miaka ya nyuma hasa zilikuwa na tabia ya kuzigawa kama soketi nne zenye kiini kimojakimoja usipoziambia vingine. Express ikachungulia ikaona soketi nne, ikachukua moja, ambayo ina kiini kimoja, basi. Ni sawa na kuajiri wapiga lipu wanne halafu kwenye saiti kuna mwiko mmoja.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua logi ya SQL, faili linaitwa ERRORLOG, soma mistari ya mwanzo kabisa baada ya seva kuwaka. Kuna mstari unahesabu soketi na viini ulivyoviona, halafu unasema unatumia vingapi kufuatana na leseni. Kwenu nabashiri itakuwa imeona 4 inatumia 1. Na kinachoniudhi kila siku ni kwamba mstari huohuo unamalizia kwa kusema hii ni taarifa tu, hakuna hatua ya kuchukua. Ipo! Zima VM, ingia kwenye mipangilio ya prosesa, weka soketi 1 yenye viini 4, washa. Dakika tano na hulipi senti.

Ila msiguse kabla hamjapima, ukishagusa bila kupima hutajua nini kimesaidia. SSRS inaandika kila ripoti inayoendeshwa kwenye databesi yake inayoitwa ReportServer, humo kuna kitu kinaitwa ExecutionLog3 unakisoma kama jedwali la kawaida. Kijana aandike hivi:

SELECT TOP 50 ItemPath, TimeStart, TimeDataRetrieval, TimeProcessing, TimeRendering, [RowCount] FROM ReportServer.dbo.ExecutionLog3 ORDER BY TimeStart DESC

Namba za muda ni milisekunde, 1,000 ni sekunde moja. TimeDataRetrieval ni muda wa kuchota data, TimeProcessing ni muda wa kuipanga na kuijumlisha, TimeRendering ni muda wa kuichora iwe PDF au Excel. Hapo sasa unamjua mgonjwa. Ikivimba ya kwanza tatizo liko kwenye databesi au diski au hizo soketi. Ikivimba ya mwisho, basi kuna mtu anatoa Excel ya mistari laki sita ambayo hakuna binadamu atakayeisoma, seva haina kosa hapo. Na msikae nazo, rekodi hizo zinajifuta baada ya siku 60 kama hamjabadilisha.

Mkirekebisha soketi na bado inasuasua, muulize kijana kuhusu snapshoti, yani picha ya VM inayopigwa ili uweze kuirudisha ilivyokuwa. Mwaka juzi niliitwa Jumamosi kwenye stoo moja ya dawa za jumla Dar, ripoti ya stoki inachukua saa nzima na wateja wamejaa nje. Nimekaa na kueri (amri za kuchota data) masaa mawili, nimeongeza indeksi, nimekunywa chai yao yote na maandazi, namba zinashuka kidogo tu. Mwisho nikafungua folda ya ile VM kwenye mashine mama nikakuta faili la delta la GB 310 lina umri wa miezi minne. Mtu alipiga snapshoti akaiita "kabla ya apdeti", akafanya apdeti yake ikakubali, akaenda nyumbani. Toka siku hiyo kila kinachoandikwa kinaenda kwenye faili la pembeni na kila kinachosomwa kinaanza kutafutwa huko kabla ya kufuatwa kwenye diski yenyewe. VMware wenyewe wanashauri snapshoti isikae zaidi ya masaa 72. Na kuiondoa sio kubonyeza ukaondoka, inabidi iunganishwe na diski mama, ile ilitafuna usiku kucha na nilikuwa naamka kila saa kuangalia asilimia, na tafadhali usifute faili kwa mkono kwenye folda, utalia. Jumatatu ripoti ikatoka kwa dakika mbili. Zile indeksi zangu niliziacha palepale, lazima na mimi nionekane nimefanya kazi.

Halafu kuna wapangaji wenzake. Mashine mama ina viini vya kweli vingapi na VM zote kwa jumla zimegawiwa vingapi? Wakizidi sana wanapanga foleni, na muda wa foleni unaitwa CPU ready. Kwenye grafu ya papo kwa papo ya VMware kila nukta ni sekunde 20, kwaiyo ukiona milisekunde 1,000 kwa kiini kimoja hiyo ni asilimia 5, anza kuwa na wasiwasi. Ndani ya Windows huwezi kuiona, Task Manager itakwambia asilimia 30 mambo shwari, kwa sababu VM haijui kama imesimamishwa, mtu aliyelala hajui kalala muda gani. Na dawa yake mara nyingi ni kuipunguzia VM prosesa, najua inasikika kama utani, lakini mwenye mizigo miwili anapata nafasi kwenye daladala haraka kuliko mwenye mizigo minane.

Nimeformat mara mbili

"Shikamoo Fundi. Nimeajiriwa miezi minne iliyopita kampuni ya utalii hapa Arusha, IT niko peke yangu. Seva ya ripoti ya zamani ya chuma ilikuwa inakaribia kufa nikahamisha databesi za ReportServer na ReportServerTempDB kwenda kwenye VM mpya, SSRS 2019 Standard. Kila kitu kimekubali ila nikifungua ukurasa inaniambia eti scale-out deployment haikubaliki kwenye toleo hili. Mimi sijafanya scale-out yoyote, hata sijui ni nini. Nimeformat VM mara mbili, kosa linarudi lilelile." Mdogo wako, Arusha

Marahaba mdogo wangu, acha kuformat.

Scale-out ni seva mbili au zaidi za ripoti zinazokula kwenye databesi moja, na hiyo ni ya wenye Enterprise, toleo lililo juu ya Standard yako. Wewe huna seva mbili, ila databesi inadhani unazo. Ndani ya ReportServer kuna jedwali linaitwa Keys, kila seva ya ripoti inapoanza kuitumia databesi hiyo inajiandikisha humo kwa jina la mashine. Ulipohamisha databesi ulihamisha na daftari lote, mzee wa chuma bado jina lake limo, VM mpya imekuja imejiandikisha, zimekuwa mbili, Standard imehesabu imegoma. Ndo maana kuformat hakusaidii, unapaka rangi chumba wakati shida iko kwenye daftari la mwenye nyumba.

Fungua Report Server Configuration Manager, kuna sehemu imeandikwa Scale-out Deployment, utaona majina mawili, mtoe mzee. Ikikataa kumtoa, na mara nyingi inakataa kwa sababu mashine yenyewe haipo hewani, chukua bakapu ya databesi kwanza, nasema kwanza, halafu ingia kwenye jedwali la Keys ufute mstari wenye MachineName ya mzee peke yake. Kuna mstari mwingine hauna jina la mashine kabisa, huo usiuguse. Ristati sevisi ya ripoti, yani ile programu yake inayofanya kazi nyuma ya pazia.

Sasa kitu kikubwa kuliko hicho, hujaniambia kama una ufunguo. SSRS inafunga kwa ufunguo wake paswedi zote za kuunganisha na databesi, na ufunguo huo unatolewa kama faili dogo la .snk lenye paswedi yake, kwenye ileile Configuration Manager, sehemu ya Encryption Keys. Kama mzee bado anawaka hata kwa kukohoa, mwashe leo, toa faili hilo, liweke sehemu mbili na paswedi yake uiandike mahali, kisha urejeshe kwenye VM. Bila hivyo ukimaliza tatizo la kwanza utakutana na rsReportServerDisabled, ambayo maana yake seva mpya imekabidhiwa sanduku haina ufunguo. Kama mzee ameshazimika moja kwa moja basi kuna kitufe cha kufuta vilivyofungwa, ripoti zako zinabaki zote ila kila data source (muunganisho na databesi) utaiandikia paswedi upya kwa mkono, moja moja, weka chai karibu. Na ratiba za kutuma imeili nazo uzipitie.

Na wakati unajipanga kwa mwakani ujue SSRS 2022 ndo toleo la mwisho, kuanzia SQL Server 2025 Microsoft wanakupeleka kwenye Power BI Report Server. Sio la kukimbilia wiki hii, 2019 yako bado inakwenda.

Jumapili haji, siku nyingine anachelewa

"Assalaam aleikum Fundi. Mimi mtu wa Pemba niko Muscat, kampuni inauza spea za magari na tuna tawi Dar. Seva yetu ya ripoti iko kwenye klaudi. Nimepanga ripoti ya mauzo iende kwa imeili kila siku ya kazi saa 12 asubuhi, inafika saa 4. Jumapili haifiki kabisa na hapa Jumapili ndo kazi inaanza. Mwenzangu wa Dar naye kapanga yake saa 12 asubuhi hiyohiyo, yeye inamfikia saa 9 alasiri. Hii seva ina majini?" Mpemba, Muscat

Waaleikum salaam bwana, majini hayamo, mna makosa matatu yamelala kitanda kimoja.

La kwanza, VM za klaudi kwa kawaida zinazaliwa na saa ya UTC (saa ya kimataifa), Azure, klaudi ya Microsoft, ndo hivyo. Wewe umeandika 6:00, seva imetuma ilipofika 6:00 yake, Muscat mko mbele masaa 4, kwaiyo ni saa 4 asubuhi kamili, imefanya ulichoiambia.

La pili ulichagua "Every weekday", na kwa SSRS hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa, haijui kama Oman mnapumzika Ijumaa na Jumamosi. Kwaiyo Ijumaa inatuma ripoti kwa ofisi iliyofungwa na Jumapili inalala. Chagua ile ya kuweka tiki siku mwenyewe, Jumapili hadi Alhamisi.

La tatu, la mwenzio wa Dar, nimelipenda sana. Kasikia saa kumi na mbili asubuhi akaandika 12:00. Kompyuta haijui hesabu yetu ya saa, 12:00 kwake ni adhuhuri, ongeza masaa 3 ya Dar unapata saa 9 alasiri. Msimcheke, mimi mwenyewe nshawahi kupanga bakapu ya "saa nane usiku" ikaenda saa mbili usiku watu wakiwa bado kwenye mfumo wanafunga hesabu.

Cha kufanya, kama seva ni hiyo moja na makao makuu ni Muscat, badilisha saa ya Windows iwe ya Muscat, halafu ristati SQL Server Agent (ndo inayoendesha ratiba) na sevisi ya ripoti, msipofanya hivyo mtaendelea kushangaa. Hatubadilishi saa za kiangazi huku wala huko kwaiyo ukiweka imekaa. Kama kuna mifumo mingine kwenye seva hiyo inayotegemea UTC basi iache, andika 2:00 na itafika Muscat saa 12 asubuhi na Dar saa 11 alfajiri. Ila ukiwa kwenye UTC uwe makini na ratiba za usiku mkubwa, ukitaka ifike saa 9 usiku ya Muscat hiyo kwa seva ni 23:00 ya jana yake, na tiki ya siku nayo inarudi nyuma siku moja.

Stima ikirudi ripoti hairudi

"Sasa Fundi. Niko Kakamega kwa SACCO. Tuko na host (mashine mama) moja ya Proxmox, programu ya kuendesha VM, ndani VM mbili za Windows, moja ya databesi na moja ya ripoti. Stima ikipotea usiku ikirudi zote mbili zinaamka, lakini ripoti haifunguki mpaka niende ofisini niwashe hiyo service kwa mkono. Kila wakati ni boda shilingi mia mbili kwenda na mia mbili kurudi na hakuna mwenye ananirudishia." Amechoka na boda

Pole ndugu, hiyo nauli ungeiandikia vocha.

Angalia Event Viewer (daftari la matukio la Windows) kwa ile VM ya ripoti, utafute namba 7009 na 7000 za dakika ileile stima ilirudi. 7009 inakwambia Windows ilingoja sevisi milisekunde 30,000, sekunde thelathini, ikachoka kungoja. Kinachotokea ni kwamba VM zote mbili zinaamka pamoja na zinagombania diski moja, kila mtu anataka kusoma Windows yake, sevisi ya ripoti kwa kawaida ni nzito kuamka hata siku nzuri, sekunde 30 zinaisha bado inavaa viatu.

Kwa Proxmox ingia Options ya kila VM, Start/Shutdown order. Databesi mpe 1 na startup delay ya 180, ripoti mpe 2, hizo ni sekunde, yani dakika tatu databesi inaamka peke yake. Kisha kwa VM ya ripoti weka ile sevisi kuwa Automatic (Delayed Start) na upande wa Recovery uiambie ijiristati ikianguka. Hayo mawili huwa yanatosha. Yasipotosha kuna ServicesPipeTimeout kwa rejista ya Windows, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control, unaiongeza iwe 60000, haiko hapo unaitengeneza kama DWORD, na ubuti tena.

Kitu kingine ukiwa huko, cheki saa ya host. Betri ndogo ya ubao ikifa stima ikipotea host inaamka na tarehe ya kale, VM zinaikopa, na ikipishana na domain controller (seva inayohakiki watumiaji) zaidi ya dakika 5 Kerberos, mfumo wake wa kuhakiki, inakataa watu wote na kila mtu ataapa paswedi yake ni sahihi, na ni kweli. Betri ni CR2032, bei yake haifiki hata boda yako. Na UPS iko? Kama iko iunganishe na host kwa waya wa USB na uweke NUT (programu ya kuongea na UPS) ili host izime VM zenyewe polepole betri ikikaribia kuisha. Kuzimikiwa ghafla na databesi ya SACCO ndani ni kucheza na pesa za wanachama.

Bosi ndo anafungua ya kwanza

"Kaka Fundi, niko mapokezi kwenye hoteli Nungwi. Ripoti zetu za SSRS ziko sawa siku nzima ila ya kwanza ya asubuhi inazunguka karibu dakika nzima, na anayefungua ya kwanza kila siku ni mwenye hoteli. Ya pili inafunguka papo hapo, sasa kila tukimwonyesha haamini."

Haha. SSRS inajisafisha kila dakika 720, masaa 12, iko kwenye rsreportserver.config inaitwa RecycleTime, na isipoguswa muda mrefu inalala. Anayekuja wa kwanza ndo anaiamsha, na kwenye VM yenye diski ya taratibu kuamka kunachukua muda. Msibadilishe namba hiyo, fanyeni ujanja, wekeni kazi kwenye Task Scheduler, saa 11:45 alfajiri, kwa seva ni 5:45, kaskripti ka PowerShell ka mstari mmoja kanakofungua ripoti ndogo yoyote kupitia anuani yake. Mzee akija anakuta chai ishachemka.

Inajizima kila saa, dakika kwa dakika

"Fundi tafadhali jibu haraka. Dar, kampuni ya usafirishaji. VM yetu ya ripoti, Windows Server 2022, kuanzia juzi inajizima yenyewe kila baada ya saa moja. Tunaiwasha, saa moja, inazima. Tumebadilisha diski, tumehamishia mashine mama nyingine, tumepima virusi, tumeongeza RAM." IT, Dar

Nilijua RAM itakuja tu.

Fungua Event Viewer, System, tafuta 1074. Hiyo inaandika nani kaamuru kuzima. Ukikuta wlms.exe usitafute tena, huyo ndo mlinzi wa leseni wa Windows ya majaribio. Ile ISO (faili la kuinstolia Windows) mliyoshusha bure ina siku 180, zikiisha inazima kila saa, haina uhusiano na diski wala virusi, na ukihamisha mashine mama inahama na siku zake. Andika slmgr /dlv uone, itakuonyesha pia mara ngapi bado unaruhusiwa kurefusha, na slmgr /rearm halafu ubuti inakupa pumzi ya kumaliza wiki. Pumzi tu, majaribio hayaruhusiwi kuendeshea biashara, nunueni leseni. Huhitaji kuinstoli upya, DISM, amri ya Windows yenyewe, inageuza palepale, unaandika DISM /Online /Set-Edition:ServerStandard /ProductKey: unafuatisha namba zenu na /AcceptEula mwishoni, ila kama VM hiyo ni domain controller itakataa.

Na niambie ukweli, SQL Server mliyoweka humo ndani ni ile ya kununua, au nayo ni ya majaribio? Maana nayo inahesabu siku 180, na kama iliwekwa wiki ileile na Windows basi asubuhi moja hivi karibuni itakataa kuwaka. Usimalize kusoma gazeti, nenda kaangalie.